Pingili Nne: Uchambuzi wa Dai Moja la Fidia ya Jeraha Kazini, Nairobi

Usiku mmoja wa Machi 2022, katika kiwanda cha vyombo vya plastiki kilichoko Eneo la Viwandani la Nairobi, opereta mwenye umri wa miaka 34 aliingiza mkono wa kulia ndani ya mashine ili akwamue beseni lililonasa kwenye kalibu, au moldi kama wanavyoiita wenyewe, na kalibu ikajifunga. Ilipofunguliwa, kidole cha shahada kilikuwa kimekwenda chote na kidole cha kati kimepoteza pingili ya juu. Pingili nne kwa jumla. Wenzake walimfunga mkono kwa fulana, msimamizi wa zamu akatafuta pikipiki, na kabla ya saa tisa usiku majeruhi alikuwa mbele ya daktari.

Mimi nilikutana naye miezi kumi baadaye. Nilikuwa nimewatumikia wenzangu kwa miaka kadhaa nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda kingine, na hata baada ya kuiacha kazi hiyo watu wa Mukuru, mtaa ulio jirani na viwanda, waliendelea kunijia na makaratasi yao. Jina lake, la kiwanda na la wakala aliyekuwa akimlipa ujira sitayataja. Ninakiandika kisa hiki kwa sababu ndani yake hapakuwa na mtu aliyemfanyia ukatili wa waziwazi, na bado dai lilikaribia kuishia patupu. Kilichokaribia kumnyima haki yake kilikuwa wema wa meneja.

Makaratasi hayakimbii

Kiwanda kililipa gharama yote ya hospitali. Katika miezi miwili aliyokaa nyumbani akiuguza mkono, meneja wa wafanyakazi alimtumia shilingi 10,000 kila mwezi kwa M-Pesa, tena kutoka nambari yake mwenyewe, na mara moja alifika hadi nyumbani kwake na unga na mafuta. Aliporudi kazini hakupelekwa tena kwenye mashine, bali aliwekwa stoo kuhesabu vifuniko, akawa anapata ujira ule ule wa mchana isipokuwa posho ya zamu ya usiku. Mara tatu aliuliza kuhusu kujaziwa fomu ya WIBA, yaani fomu ya fidia ya jeraha kazini, ambayo alikuwa ameisikia kwa wenzake, na mara tatu alijibiwa kwa upole: "Pona kwanza, ndugu yangu. Makaratasi hayakimbii." Baada ya mara ya tatu hakuuliza tena. Aliniambia aliona haya kumdai mtu aliyemlipia hospitali.

Haya hiyo ninaielewa, na sidhani meneja yule alikuwa akidanganya kwa makusudi. Nadhani alikuwa akiahirisha kazi isiyopendeza, kazi ambayo ingemleta mkaguzi kiwandani. Lakini Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo kila mtu nchini Kenya huiita WIBA hata anapozungumza Kiswahili, haikuacha jambo hili kwenye hiari ya meneja. Mwajiri anayepata habari ya ajali anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba, na ndani ya saa 24 iwapo mtu amekufa. Gharama ya matibabu ni deni la mwajiri. Na kwa kipindi ambacho mtu hawezi kabisa kufanya kazi kwa sababu ya jeraha, sheria inamtaka mwajiri amlipe kiasi kinacholingana na mapato yake ya kawaida, kwa muda usiozidi miezi 12. Opereta huyu alikuwa akipata shilingi 19,500 kwa mwezi. Kwa hiyo zile 10,000 alizozipokea kwa shukrani zilikuwa takriban nusu ya alichostahili, na nusu ya pili hakuwahi kuijua.

Madhara makubwa zaidi ya wema huo yalikuwa kwenye kalenda. Sheria hiyo hiyo inamtaka mdai, au mtu anayedai kwa niaba yake, awasilishe dai ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Kila "pona kwanza" ilikula wiki kadhaa za muda huo. Mwezi wa Novemba kiwanda kilivunja mkataba na wakala, na watu wote waliokuwa wakilipwa kupitia wakala huyo, wakiwa wapatao arobaini, waliambiwa wasirudi. Kazi ya vifuniko ikaisha, simu ya meneja ikawa haipokewi, na miezi minane ilikuwa imeshakwenda bila fomu hata moja kujazwa.

Inashangaza kwamba ofisi za Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ziko Safety House, kwenye barabara ya Commercial, ndani ya Eneo lile lile la Viwandani. Alikuwa akipita karibu nazo asubuhi na jioni kwa miaka minne.

Broka na mlango wa mahakama

Mtu wa kwanza kumwambia kwamba ana haki ya kudai alikuwa broka. Watu hawa wanajulikana sana katika mitaa inayozunguka viwanda: huzunguka hospitalini na kwenye vibanda vya chakula wakitafuta wenye bandeji, kisha huwapeleka kwa wakili ambaye huwalipa kwa kila kichwa. Broka alimwambia kwamba mkono kama ule "mahakamani ni milioni," akampa karatasi inayosema asilimia 30 ya chochote kitakachopatikana ni ya ofisi, na akamtaka aende Jumatatu kutia sahihi kesi ya uzembe dhidi ya kiwanda katika mahakama ya hakimu. Ni karatasi hiyo aliyoniletea Januari 2023, akitaka nimsomee kabla hajaitia sahihi.

Ili mtu aelewe kwa nini nilimwambia asiitie sahihi, inabidi kurudi nyuma kidogo. Chini ya utaratibu wa zamani mfanyakazi aliyeumia aliweza kumshtaki mwajiri kwa uzembe na kudai fidia ya maumivu, ya mapato ya baadaye na mengineyo, na mawakili wengi waliishi kwa kesi hizo. WIBA ilipoanza kutumika Juni 2008, kifungu chake cha 16 kiliufunga mlango huo: mfanyakazi haruhusiwi kumshtaki mwajiri kwa ajali ya kazini, bali dai lake linapelekwa kwa Mkurugenzi, na badala yake haitajiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Chama cha Mawakili cha Kenya kilipinga sheria hiyo kortini, na Machi 2009 Mahakama Kuu ikatangaza kwamba vifungu kadhaa, cha 16 kikiwamo, vilikiuka katiba. Kwa miaka minane iliyofuata kesi za uzembe ziliendelea kumiminika kama kawaida. Kisha, tarehe 17 Novemba 2017, Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo kwa sehemu kubwa, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Upeo ikaunga mkono Mahakama ya Rufaa. Tangu siku hiyo hapakuwa na ubishi tena: mlango wa kwanza ni Mkurugenzi, na korti huja baadaye kwa njia ya rufaa.

Kesi zilizokuwa zimefunguliwa wakati wa mkanganyiko huo ziliwekewa utaratibu wake wa mpito. Ajali ya Machi 2022 haikuwa na njia hiyo. Kesi ambayo broka alitaka ifunguliwe ingetupwa nje kwa sababu hakimu hana mamlaka ya kuisikiliza, na huenda ingetupwa mwaka mmoja au miwili baadaye, wakati ambapo miezi 12 ya kudai kwa Mkurugenzi ingekuwa imekwisha zamani. Sijui kama broka alilijua hilo. Maarifa yake yalikuwa ya mwaka 2015, na katika kazi hii maarifa ya zamani yana hatari kuliko ujinga mtupu, kwa sababu husemwa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Sitaficha kwamba hoja ya mawakili ina uzito. WIBA haina mahali pa kulipia maumivu, wala haiangalii kwamba opereta wa miaka 34 aliyepoteza kidole cha shahada cha mkono anaoutumia ana miaka mingine zaidi ya ishirini ya kutafuta kazi. Inazidisha namba tatu tu: mapato ya mwezi, miezi 96 iliyowekwa na sheria, na asilimia ya ulemavu. Kwa mtu ambaye angeweza kuthibitisha uzembe wa wazi, na huyu angeweza, pengine korti ya zamani ingempa zaidi. Lakini ile "milioni" ilikuwa ya barabara iliyofungwa, na muda uliobaki ulikuwa wiki tisa.

Nani alikuwa mwajiri?

Tuliwasilisha dai Februari 2023, tukiambatanisha barua tuliyoiandikia kiwanda na nakala yake kwa wakala, tukiwataka wajaze sehemu yao ya fomu ya DOSH/WIBA 1, ile ambayo mwajiri hueleza ajali na daktari hueleza jeraha. Barua hiyo tuliipeleka kwa mkono na kumtaka karani wa mapokezi aigonge muhuri kwenye nakala yetu. Hatukungoja fomu irudi ndipo tuende kwa Mkurugenzi. Jibu la kiwanda lilikuja baada ya wiki tatu, na lilikuwa na sababu tatu za kukataa.

Ya kwanza ilikuwa kwamba majeruhi hakuwa mfanyakazi wao, bali kibarua wa wakala. Hoja hii hutumiwa sana sasa, kwa kuwa viwanda vingi vimehamishia ajira kwa mawakala, na nguvu yake yote inatokana na mfanyakazi kutokuwa na karatasi. Huyu hakuwa na mkataba wa maandishi. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua mkataba wa mdomo, na kifungu chake cha 37 kinamwondoa mtu kwenye hali ya kibarua pale anapofanya kazi mfululizo kwa kipindi kisichopungua mwezi mmoja. Alikuwa amefanya miaka minne. Swali lililobaki lilikuwa nani hasa alikuwa mwajiri wake, wakala au kiwanda, na sisi hatukujifanya tunalijua jibu. Majina yote mawili yaliandikwa kwenye dai.

Ushahidi ulitoka mahali ambapo kiwanda hakikupategemea. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila wiki ulionyesha wakala ndiye mlipaji, jambo lililoelekea kukisaidia kiwanda. Lakini ujumbe wa shilingi 10,000 wakati wa matibabu ulitoka kwa meneja wa kiwanda. Picha ya orodha ya zamu, ambayo mwenzake aliipiga ukutani ili akumbuke siku zake za mapumziko, ilikuwa na nembo ya kiwanda na sahihi ya msimamizi wa kiwanda. Na barua ya onyo aliyowahi kupewa mwaka 2020 kwa kuchelewa ilikuwa imeandikwa na kiwanda, si wakala. Barua hiyo ya onyo aliihifadhi kwa aibu, ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia, na ndiyo iliyomwonyesha afisa wa Kurugenzi nani alikuwa na mamlaka juu yake kazini. Afisa alikihesabu kiwanda kuwa mwajiri.

Wema wa meneja, kwa namna hii, ulirudi kumsaidia majeruhi. Sheria inasema haki ya mafao hupotea ikiwa ajali haikuripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, lakini inaongeza kwamba kutoripoti si kizuizi ikithibitika kwamba mwajiri aliijua ajali kwa njia nyingine wakati ilipotokea. Opereta alikuwa hajawahi kuandika ripoti yoyote. Pesa za M-Pesa, risiti ya hospitali iliyolipwa na kiwanda, na hata ule unga na mafuta, vyote vilishuhudia kwamba walijua.

Waya kwenye swichi

Sababu ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kiwanda kilisema kwamba mashine ina mlango wa kinga wenye swichi, na kwamba mlango ukiwa wazi kalibu haiwezi kujifunga. Kwa hiyo majeruhi lazima aliichezea swichi, na aliyejiumiza kwa ukaidi halipwi.

Watu wengi wanaosikia kwamba WIBA haiangalii kosa hudhani kwamba hoja kama hii haina maana. Si kweli. Sheria inasema kwamba mfanyakazi hastahili fidia iwapo ajali imesababishwa na utovu wa nidhamu wa makusudi na wa kukusudia hasa, isipokuwa kama ajali hiyo imeleta kifo au ulemavu mzito, na ulemavu mzito umeelezwa kuwa ule wa asilimia 40 au zaidi. Mtu aliyepoteza mkono mzima angepita juu ya hoja hiyo bila kuigusa. Aliyepoteza pingili nne hafiki asilimia 40, kwa hiyo kwake swali la makusudi lilikuwa hai. Ninalikazia jambo hili kwa sababu ni kinyume cha tunavyotarajia: kadiri jeraha linavyokuwa dogo, ndivyo mwenendo wa aliyeumia unavyochunguzwa zaidi.

Ukweli wa swichi ulijulikana kwa kila aliyefanya kazi zamu ya usiku. Ilikuwa imefungwa kwa waya tangu mwishoni mwa 2021, na aliyeifunga alikuwa fundi wa matengenezo, kwa sababu swichi ilikuwa mbovu na ilikuwa ikisimamisha mashine kila baada ya dakika chache, na zamu iliyoshindwa kufikisha idadi ya mabeseni ilikatwa posho. Maopereta waliikuta hivyo, wakafanya kazi hivyo. Kujua ukweli ni jambo moja na kuuthibitisha ni jingine, kwani waliokuwa bado kazini waliogopa kuandika. Wawili kati ya wale arobaini walioachishwa Novemba walikubali kutoa maelezo, na mmoja wao alikuwa na video fupi ya simu, iliyopigwa kwa utani wakati wa sikukuu ya Krismasi, ambamo wenzake wanacheza muziki mbele ya mashine ile ile na waya unaonekana wazi kwenye mlango.

Afisa alilitazama jambo hilo kwa njia niliyoiona ya haki. Kuingiza mkono kwenye mashine bila kuizima kulikuwa kutojali, naye aliyeumia alikiri hivyo; lakini kutojali si utovu wa nidhamu wa kukusudia, na alichokuwa akifanya kilikuwa kwa manufaa ya kazi ya mwajiri. Alikuwa akikwamua beseni la mwajiri, saa za mwajiri, ili afikishe hesabu ya mwajiri.

Sababu ya tatu, kwamba kiwanda kilishalipa hospitali na hivyo hakidaiwi kitu, haikuhitaji zaidi ya dakika tano. Matibabu na fidia ya ulemavu ni mafao mawili tofauti.

Hesabu, na kosa langu

Daktari alimpa ulemavu wa kudumu wa asilimia 12. Jedwali la kwanza la sheria linaorodhesha viungo na asilimia zake, kidole kwa kidole na pingili kwa pingili, na kwa viungo vilivyokatika daktari hana uhuru mkubwa. Uhuru wake unaanzia kwenye yale ambayo jedwali haliyataji: sehemu ya kidole cha kati iliyobaki ilikuwa imekakamaa, na nguvu ya kushika ilikuwa imepungua kiasi kwamba hakuweza kufungua chupa ya soda. Hayo mawili hayakuonekana kwenye hesabu. Nilimshauri atafute tathmini ya daktari wa pili, naye akauliza bei, nami sikuendelea kumshinikiza.

Tathmini ya Mkurugenzi, kwa fomu ya DOSH/WIBA 4, ilitoka Juni 2023. Ilikuwa na hesabu mbili. Kwa ulemavu wa kudumu: shilingi 190,080. Kwa miezi miwili ya kutoweza kufanya kazi, baada ya kuondoa 20,000 zilizokwisha kutolewa: shilingi 13,000. Jumla ilikuwa 203,080. Tulifurahi kiasi kwamba tulipigiana simu mara tatu jioni ile, na kati ya simu hizo hakuna hata moja ambayo niliuliza namba hizo zimetoka wapi.

Nilizirudia siku ya sabini na moja. Gawanya 190,080 kwa asilimia 12, unapata 1,584,000. Gawanya hiyo kwa 96, unapata 16,500. Mapato yaliyotumika yalikuwa 16,500, si 19,500. Zile 3,000 zilizokosekana zilikuwa posho ya zamu ya usiku. Kiwanda, katika kujaza sehemu yake ya fomu, kilikuwa kimeandika ujira wa msingi tu, na hatukuwa tumeambatanisha kitu chochote kinachoonyesha vingine. Sheria inasema malipo ya ziada yanayolipwa kwa kawaida na kwa mfululizo ni sehemu ya mapato. Yanayoachwa nje ni yale ya mara moja moja, pamoja na nauli na bahashishi. Posho ya usiku aliipata kila mwezi kwa miaka minne, na ilikuwa ndani ya ujumbe ule ule wa M-Pesa tuliokuwa tumeutumia kuthibitisha ajira. Ushahidi ulikuwa mikononi mwetu. Tuliusoma kutafuta jina la mlipaji tu, hatukutazama kiasi.

Kwa mapato sahihi, fidia ya ulemavu ingekuwa 224,640, yaani zaidi kwa 34,560, na malipo ya miezi miwili yangeongezeka kwa 6,000. Jumla ya tofauti ni shilingi 40,560. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuweka pingamizi. Mkurugenzi anatakiwa kujibu ndani ya siku 14, na asiyeridhika na jibu anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 30. Ni utaratibu mzuri, wenye muda mfupi na ulio wazi, na mimi niliuacha upite kwa siku kumi na moja. Nilimweleza, nikampa wazo la kuandika tuombe jambo litazamwe upya. Alikataa bila kufikiri sana. Alikuwa amekaa bila kazi ya kudumu tangu Novemba, na kila barua mpya aliiona kama sababu mpya ya kiwanda kutolipa.

Kulipwa

Hakukosea kuhusu hilo. Sheria inampa mwajiri au kampuni yake ya bima siku 90 za kulipa dai lililowasilishwa kwake na Mkurugenzi. Kiwanda hakikuweka pingamizi, wala hakikulipa. Kampuni ya bima ilisema haikuarifiwa ajali kwa wakati, kiwanda kikasema jambo hilo liko kwa bima, na kati ya hao wawili siku 90 ziliisha mwezi wa Septemba.

Hapa ndipo WIBA inapoyumba, na ni ajabu kwamba udhaifu huu haukupigiwa kelele kama kifungu cha 16. Sheria inaeleza kwa urefu jinsi ya kufikia tathmini, lakini haisemi kwa uwazi mtu afanye nini pale tathmini inapobaki karatasi tu. Mahakama ya Ajira yenyewe imetoa maamuzi yasiyofanana: baadhi ya majaji wamekubali kuipokea tathmini ya Mkurugenzi na kuigeuza amri ya korti inayoweza kutekelezwa, na wengine wamesema mamlaka waliyopewa ni ya kusikiliza rufaa pekee. Mtu hulazimika kuingia kortini bila kujua atakutana na mtazamo upi.

Katika hatua hii wakili alihitajika, na tulimpata kupitia shirika linalotoa msaada wa kisheria bure. Ombi liliwasilishwa Oktoba 2023, kwa hoja rahisi: tathmini ipo, muda wa kuipinga umekwisha, mwajiri hakuipinga, basi ni deni. Kiwanda kilijaribu kuirudisha hadithi ya waya na swichi. Jaji hakuwaruhusu, akisema kwamba aliyenyamaza siku 60 hawezi kuanza kuzungumza siku ya utekelezaji. Niliposikia maneno hayo nilitazama chini, kwa sababu yalinihusu na mimi pia. Amri ilitolewa Aprili 2024.

Kampuni ya bima ilikubali kulipa kwa awamu mbili. Siku ya awamu ya kwanza, mwezi wa Juni, karani alimwekea mbele hati ya kukiri malipo yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho," ingawa hundi ilikuwa ya nusu. Karani alisema ni fomu ya kawaida, kila mtu huitia sahihi. Tuliyakata maneno hayo kwa kalamu, tukaandika juu yake "awamu ya kwanza kati ya mbili," karani akaenda kuuliza ndani, akarudi, na opereta akatia sahihi polepole kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa zilizoachana.

Awamu ya pili ilitoka Agosti, miaka miwili na miezi mitano tangu usiku ule. Tuliketi kwenye kibanda cha chai nje ya benki, na kwa kuwa sikutaka jambo hilo libaki kama siri kati yangu na kikokotoo changu, nilimtajia tena zile shilingi 40,560 na jinsi zilivyopotea. Alisikiliza, akakoroga chai, kisha akaniuliza ni kodi ya nyumba ya miezi mingapi. Alikuwa akilipa 4,000. Nikamwambia kumi.